Damu ya Upande wa Baba

Siku hoteli anayofanyia kazi mume wangu ilipoleta wapimaji wa afya, mimi nilikwenda kumsindikiza tu. Mume wangu ni mpishi huko Diani. Ni mtu mnene, mnene wa raha, tumbo hutangulia kuingia mlangoni na yeye hufuata nyuma akitabasamu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiingoja siku ambayo mtu mwenye koti jeupe atamkalisha kitako na kumweleza yale niliyokwisha kumweleza mimi hadi nikachoka. Nilivaa buibui langu jipya, kama mtu anayekwenda mahakamani kusikiliza hukumu aliyoisubiri.

Tulipangwa kwenye viti vya plastiki kando ya bwawa la kuogelea, wafanyakazi na wenzi wao, wote matumbo matupu kama tulivyoagizwa. Mume wangu alitangulia. Alidungwa kidole, akasubiri, akaambiwa aende zake, yuko salama.

"Salama vipi?" akauliza.

Salama kabisa, akaambiwa. Sukari sawa, presha sawa, mafuta ya damu sawa. Akageuka kunitazama kwa uso wa mtu aliyeingia mtihani bila kusoma akakuta amepita.

Ikafika zamu yangu. Muuguzi alikitazama kimashine chake, akakitikisa, akakitazama tena. Akanidunga kidole kingine. Akamwita mwenzake, wakanitazama pamoja kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Mama, umekula nini leo?"

"Sijala kitu."

"Na jana?"

"Mchicha na muhogo wa kuchemsha."

Wakanong'onezana kama huenda wamechanganya damu yangu na ya mume wangu. Mimi ni mwembamba, lazima niseme. Nashona mapazia ya nyumba za wageni na ya hoteli, na mteja akinikuta nimesimama nyuma ya kitambaa napima, huuliza fundi amekwenda wapi. Nimekuwa hivi tangu utotoni. Chakula kinaingia na hakuna anayejua kinakwenda wapi. Sasa wale wauguzi walikuwa wananiambia kimekwenda kwenye damu.

"Kolestro yako iko juu sana," muuguzi wa kwanza akasema. "Juu sana, mama. Nenda kwa daktari."

Tulirudi nyumbani Bongwe. Njiani mume wangu alininunulia mahamri, kwa mazoea, kisha akakumbuka, akayala yeye.

Daktari niliyemwona Ukunda alikuwa msichana wa bara, ana Kiswahili cha kukata njia, hana muda wa salamu ndefu lakini mikono yake ilikuwa ya upole. Alitoa damu ya mkononi safari hii, chupa nzima, akaniambia nirudi baada ya siku chache. Niliporudi aliniinamia akanitazama kando ya macho.

"Hivi vidoa umekuwa navyo kutoka lini?"

Nina vidoa vya manjano kwenye kope, karibu na pua. Mpambaji mmoja wa maarusi aliwahi kunishauri nivizibe kwa poda. Nikamwambia daktari ni vya siku nyingi, na kwamba marehemu baba alikuwa navyo pia, na mama alikuwa akisema ni alama ya mtu mwenye nyota.

"Baba yako alikufa na nini?"

Katika familia yetu swali hilo lina jibu moja, na jibu hilo nimelelewa nalo.

"Mkono wa mtu," nikasema.

Daktari aliacha kuandika. "Ndiyo nini hiyo?"

"Alifanyiziwa."

"Sawa. Lakini alikufaje? Nieleze vile ilikuwa."

Nikamweleza. Baba alikuwa anatoka shambani Jego, mchana, hana homa wala kikohozi. Alishika kifua, akamwambia mama anahisi kama amebebeshwa gunia kwa mbele, akakaa chini kwenye njia. Hakuinuka tena. Hakuwa amefika miaka hamsini, na alikuwa mwembamba kama mimi.

Yule binti aliyaandika yote. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba vile vidoa ni mafuta, na ugonjwa wangu haukutokana na chakula, ni wa kuzaliwa nao, na kwa jinsi nilivyoeleza, huenda umetoka kwa baba. Chakula kitasaidia lakini hakitatosha. Akaniandikia vidonge, kimoja kila jioni.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka tu."

Nilivileta vile vidonge nyumbani nikaviweka juu ya meza ya cherehani, nikawa navitazama. Sikuumwa popote. Mtu anayeumwa humeza dawa akapona, akaacha. Mimi nilikuwa naambiwa nianze kumeza nikiwa mzima ili niendelee kuwa mzima, na nisiache hadi siku ya kuzikwa. Nilisikia pia kwamba vidonge hivyo huwapa watu wengine maumivu ya misuli, na mimi misuli yenyewe ni michache. Nikasema nitafikiri. Sikujua kwamba ningefikiriwa na ukoo mzima.

Wa kwanza kunifikiria alikuwa mama mkwe, ambaye nyumba yake na yetu zinatazamana. Mama mkwe amebeba lawama ya wembamba wangu kwa miaka yote ya ndoa. Kila arusi, shangazi zangu wa Jego walinishika mkono, wakauzungushia vidole kuupima, kisha wakamtazama yeye bila kusema neno. Walichokuwa wakisema kwa macho ni kwamba binti yao ananyimwa chakula. Sasa mama wa watu alipata ukombozi. Alivaa leso mpya, akazunguka Bongwe nyumba hadi nyumba.

"Mkwe wangu ana mafuta hadi daktari ameshtuka," alisema. "Mafuta tele. Yamejificha ndani, lakini yamepimwa na mashine."

Jioni alikuja kwangu, akavitazama vile vidonge kama mtu anayetazama mwizi.

"Hivi kazi yake ni nini?"

"Kupunguza mafuta."

"Wallahi usivinywe. Miaka yote hii nimekulisha, ndiyo kwanza yameingia, nawe unataka kuyatoa?"

Mama yangu mzazi nilimpigia simu siku iliyofuata. Nilipomwambia nimepimwa nikakutwa na mafuta mengi, alishusha pumzi kwa furaha. "Alhamdulillahi," akasema. "Nimeomba dua hii tangu ulipoacha kunyonya." Nikamwambia si jambo la kushukuru, ni maradhi, na kwamba daktari anaona ni ya kurithi na huenda ndiyo yaliyomuua baba.

"Nani amemwambia huyo daktari habari za mume wangu?" mama akauliza.

"Mimi."

"Nakuja."

Ili ieleweke kwa nini alikuja na mzigo wa nguo za kukaa, lazima niseme habari za ami yangu. Ami ni mdogo wake baba, wa tumbo moja. Wakati baba alipofariki, wao wawili walikuwa wanagombana kuhusu mpaka wa mikorosho. Siku moja ami alisimama katikati ya shamba, akasema mbele ya watu, "Korosho za mwaka huu hutazila." Wiki haikuisha, baba akakaa chini kwenye ile njia.

Hakuna aliyemgusa ami, namshukuru Mungu kwa hilo. Hakushtakiwa, hakufukuzwa. Lakini mama alisema ni yeye aliyemfanyizia, na likaaminika. Matangani, ami akimimina kahawa, watu waliacha vikombe vipoe. Arusini hakualikwa. Mwisho alihamia Lunga Lunga, akawa anawauzia kahawa na kashata madereva wa malori wanaongoja kuvuka mpaka, watu wasiojua lolote juu ya korosho. Mimi niliolewa bila yeye, ingawa kwa haki yeye ndiye angekuwa walii wangu wa kuniozesha. Tuliwasiliana kwa siri, kwa salamu za simu siku za Idi, basi.

Mama aliingia nyumbani kwangu, akasalimiwa, akapewa maji, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya cherehani.

"Hivi ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

"Ukivimeza," akasema, akikaa, "utakuwa umesema baba yako alikufa kwa mafuta. Mtu aliyekuwa akipanda mnazi bila kamba miguuni. Mafuta! Na yule aliyemuua atakuwa msafi kama pamba."

"Mama, mimi nafikiria moyo wangu tu."

"Nami naufikiria moyo wa baba yako."

Siku zile nyumba ilikuwa na taabu ya aina yake. Mume wangu, kwa aibu ya kuwa mzima, aliamua kunisaidia kwa njia anayoijua. Aliondoa nazi katika chakula chote. Samaki akawa anatokoswa kwa ndimu na majani fulani ya hotelini, wali ukapikwa kwa maji matupu, mbaazi zikaja mezani kavu, zikitutazama. Mama mkwe alihamisha sahani yake kwa jirani. Mama yangu alikula kwa adabu ya ugeni, akauliza kama kuna mtu amefiwa. Mume wangu mwenyewe alikula nasi kwa ushujaa, kisha akaenda kazini, na akirudi alikuwa ananukia siagi.

Ni yeye aliyempigia ami. Sikumtuma. Mume wangu hawezi kuona mtu ana huzuni naye ana habari inayoweza kuiondoa. Alimwambia kwamba daktari wa Ukunda amegundua kilichomuua kaka yake, kwamba kiko katika damu ya ukoo, na ushahidi ni mimi.

Ami alinipigia siku hiyo hiyo. Alikuwa analia. Nyuma yake nilisikia malori yakiunguruma.

"Mwanangu, umeshameza?"

"Bado, ami. Nafikiri."

"Meza, mwanangu. Meza mbele za watu."

Akaanza kunipigia kila jioni. Hakuniuliza habari za watoto wala kazi. "Umeshameza?" Nikimwambia bado, aliniuliza tena kwa uchungu kiasi kwamba nilijisikia kama mimi ndiye ninayemweka kizuizini. Mama naye kila jioni alikaa karibu na meza ya cherehani, akivihesabu vile vidonge kwa macho kuhakikisha havijapungua. Sikuwa na mahali pa kujiuliza mimi mwenyewe ninataka nini.

Siku ya Ijumaa, baada ya sala ya mchana, ami akaja. Sikuwa nimemwona uso kwa uso kwa miaka. Alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, kofia ya kufuma, na koti la suti juu yake ingawa jua lilikuwa kali. Alivaa vile mtu avaavyo kwa arusi, na nadhani alikuwa amezikumbuka zote alizokosa. Nilipiga magoti nikamwamkia.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu."

Nilipoinua uso nikaviona. Kando ya macho yake, kwenye kope, kulikuwa na vidoa vya manjano.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa. Hakuinuka wala hakumtazama.

"Mwambie ami yako," akaniambia, "kiti kiko pale."

"Mwambie mama yako," akasema ami, "nimekiona, nashukuru."

Walikuwa wamekaa hatua chache tu. Mume wangu alileta kahawa kisha akasimama mlangoni na sinia, hajui aingie au atoke.

"Mwambie ami yako, kilichomleta ni nini?"

"Mwambie mama yako, nimekuja kuona mtoto wa kaka yangu akimeza dawa. Na mwambie kwamba niliposema korosho hatazila, nilikuwa na maana nitakwenda kwa chifu kuzuia zisichumwe. Nilikuwa na maana hiyo siku ile na ninayo leo."

"Mwambie chifu hakumwona."

"Mwambie nilikuwa njiani kwenda kwa chifu nilipoletewa habari ya msiba!" Sauti yake ilipanda. "Niliacha njia ya kwa chifu nikaja kumwosha ndugu yangu. Mwambie!"

Sikumwambia. Hakukuwa na haja. Mama alikuwa anautazama ukuta.

Hatimaye mama alizungumza naye moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu mimi niwe msichana. "Kama ni damu ya ukoo," alisema, "wewe mbona unaishi?"

"Labda mimi sinayo."

"Kama huna, basi si ya ukoo. Nyinyi ni tumbo moja."

"Na nikiwa nayo?"

"Ukiwa nayo na unaishi, basi haiui."

Nilimwona ami akiizunguka hoja hiyo pande zote akitafuta mlango, na hakukuwa na mlango. Mume wangu aliweka sinia chini. "Mimi naona akapimwe," alisema. Nadhani alisema hivyo kwa sababu alikuwa hana jambo lingine la kusema, lakini wote wawili walikubali kwa haraka, kila mmoja akiwa na hakika kwamba damu itasema upande wake.

Ami alilala kwetu. Asubuhi tulikwenda Ukunda, yeye hajala, mama akiwa nyuma yake hatua mbili ili asije akala kitu cha kuharibu kipimo. Pale kliniki mama alisisitiza kuingia naye hadi ndani, akasimama akaitazama damu inavyotoka, akamuuliza mpimaji kama chupa hiyo haitachanganywa na ya mtu mwingine. Mpimaji akamhakikishia. Mama akamwomba aandike jina mbele yake, naye akaliandika kwa herufi kubwa.

Majibu yalipotoka tulirudi sote, mume wangu pia, ambaye aliomba ruhusa kazini akasema ana jambo la kifamilia. Daktari alitukuta tumejipanga kwenye benchi. Alitazama karatasi, akamtazama ami.

"Mzee, pole. Yako iko juu pia. Imepita ya huyu mama."

Ami alisimama. Akainua mikono yote miwili. "Alhamdulillahi!" akasema kwa sauti iliyofika nje kwa wagonjwa wengine. "Alhamdulillahi rabbil alamin!" Alimkumbatia mume wangu, ambaye ndiye aliyekuwa karibu.

"Mzee," daktari akasema, "sijui kama umenielewa."

"Nimekuelewa vizuri, binti yangu. Niandikie. Ipige na muhuri."

"Na anaishi," mama akasema kutoka kwenye benchi. "Daktari, muulize. Ana mafuta kumpita huyu, umri umekwenda, na anaishi. Kama mafuta yanaua, mbona huyu yupo?"

Yule binti aliketi pembeni ya meza yake. Nafikiri alikuwa amechoka, na benchi lote tulikuwa tunamtazama kama kadhi. Alisema kwamba kuna watu wana hali hii wanaishi miaka mingi, na wengine inawachukua mapema, na si rahisi kujua ni nani. Akasema mtu aliyezikwa bila kuchunguzwa, yeye hawezi kuapa kilichomuua.

"Kwa hiyo hujui," mama akasema.

"Baba yake sijui, mama. Hiyo sijui." Akanigeukia mimi. "Lakini wewe ninakujua. Uko hapa. Umri wako ni ngapi sasa?"

Nilimtajia. Sikuwa nimewahi kuutaja umri wangu mbele ya mama kwa namna hiyo, nikiwa na habari za baba hewani. Nilimwona mama akiinamisha kichwa, midomo yake inacheza kidogo, anapiga hesabu. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi kuufikia umri aliokufa nao mume wake.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Daktari alimpa ami vidonge kama vyangu. Ami alivipokea kwa mikono miwili, akavitia kwenye mfuko wa koti, na tulipofika Bongwe akatangaza kwamba hatavimeza.

"Mimi si mgonjwa," alisema. "Mimi ni ushahidi."

Tukamtazama.

"Nikivimeza, mafuta yatashuka. Yakishuka, kesho mtu atasema mzee hakuwa na kitu. Yatakaa humu humu hadi nitakapoombwa radhi."

"Ami," nikasema, "ulikuwa unaniamrisha nimeze kila jioni."

"Wewe ukimeza unathibitisha. Mimi nikimeza nafuta."

Mume wangu alimweleza kwamba karatasi ya majibu ipo na haitabadilika. Ami akasema karatasi huliwa na mchwa, damu hailiwi. Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kusikiliza, alimuunga mkono kwa nguvu zote. Aliamini kwamba mtu akishapata mafuta asiyatoe, kwa sababu yoyote ile.

Hapo ndipo mama aliposimama. Alikwenda hadi kwenye kiti cha ami, akanyoosha mkono kama anayedai kitu chake.

"Vitoe."

"Shemeji, nimesema simezi."

"Utameza. Unataka ufe ghafla njiani kama mwenzako, mimi nibaki sijasikia kwa kinywa chako ulichomfanyia? Hufi. Nitakulea mwenyewe hadi siku utakayokiri."

"Sina la kukiri!"

"Basi utaishi sana."

"Na mimi nitaishi," ami akasema, "hadi siku utakayoniomba radhi."

"Basi kumeza ndiyo njia yako."

Nilitoka nikawaacha. Nilikwenda jikoni nikachukua maji kwenye kikombe. Vidonge nilikuwa navyo mkononi tangu tulipoingia, sikumbuki nilivichukua saa ngapi. Mume wangu alinifuata, akasimama karibu na jiko. Sebuleni bado walikuwa wanapigizana kelele, wakiitana shemeji na mzee, maneno ambayo sikuwa nimewasikia wakiitana.

"Umeamua?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya nani? Ya mama, au ya ami?"

Nilifikiri kidogo. Nilikuwa nimemkumbuka baba, si pale njiani kwani pale sikuwepo, bali vile alivyokuwa akikaa kizingitini akijikuna kando ya jicho kwa kidole cha kati, mtu mzima anayejiona ana afya. Nikajua kwamba kama mtu yeyote angempa kidonge siku ile, ningetaka akimeze, bila kujali kingemtia nani hatiani.

"Kwa sababu yangu," nikasema, nikameza.

Hakuna lililotokea. Mume wangu alinitazama kana kwamba ningebadilika rangi. Kisha akauliza kama sasa anaweza kurudisha nazi. Nikamwambia kidogo, siku mojamoja, na nilimsikia akishusha pumzi kutoka chini kabisa ya tumbo lile.

Misuli iliniuma kwa muda, kwenye mapaja hasa, nikarudi kwa daktari akanibadilishia aina nyingine, maumivu yakaisha. Nilipopimwa tena baada ya miezi, mafuta yalikuwa yameshuka sana. Mama mkwe alipokea habari hizo kama mtu aliyeibiwa, akasema alijua, na akaanza tena kuniletea sahani ya kwake iliyofunikwa kwa kawa. Sijanenepa wala sijakonda. Madoa ya machoni bado yapo, ila yamefifia kidogo, au nimeacha kuyatazama.

Mama alirudi Jego. Mpaka wa mikorosho uko palepale, na maoni yake juu ya kifo cha baba nayo yapo palepale. Lakini kila siku baada ya Magharibi anampigia ami huko Lunga Lunga, na simu yao haizidi maneno machache. Najua kwa sababu mwaka huu, siku ya pili ya Idi, nilikwenda kumtembelea ami na nikawapo simu ilipoingia. Ami aliifuta mikono yake kahawa kabla ya kuishika.

"Umemeza?" nilisikia sauti ya mama.

"Bado, shemeji. Nina wateja."

"Wateja watangoja. Meza nisikie."

Alitoa kidonge kwenye mfuko wa shati, akakimeza kwa kahawa chungu, akagugumia karibu na simu ili asikike. Mama akakata bila kuaga. Ami akaiweka simu chini taratibu, akanimiminia kikombe, nami nikakinywa kingali moto.

"Umesikia alivyosema?" akaniuliza. "Leo kama sauti ilikuwa ya upole kidogo."

Mimi sikuwa nimesikia upole wowote. Nikamwambia ndiyo, ami, kidogo.